Riwaya za bibi wapelelezi: baada ya A Murder Is Announced tusome kipi?

BintiPangani

Habari zenu wadau wa vitabu, natumai mko salama. Naombeni mnisaidie jambo. Mimi na mama yangu huwa tunasoma riwaya pamoja jioni, mi nasoma kwa sauti yeye anasikiliza, maana macho yake siku hizi hayapendi maandishi madogo, na yeye ni mwalimu mstaafu wa Kiingereza kwa hiyo nikikosea matamshi nasimamishwa hapo hapo. Sasa tumemaliza A Murder Is Announced ya Agatha Christie, ile iliyotoka 1950, na tangu hapo mama hataki tena kusikia habari za wapelelezi wa bastola na magari ya mbio. Anamtaka Miss Marple tu, yule bibi wa kijijini wa Christie anayefumbua mauaji.

Kwa ambao hamjaisoma, ni hivi: Ijumaa asubuhi kijiji kizima cha Chipping Cleghorn kinafungua gazeti lao dogo, na katikati ya matangazo ya watu wanaouza mbwa na wanaotafuta wasaidizi wa kazi kuna tangazo kwamba mauaji yatafanyika leo hii tarehe 29 Oktoba, nyumba ya Little Paddocks, saa kumi na mbili na nusu jioni, marafiki mnakaribishwa. Na wanaenda jamani! Kila mmoja akifika anajifanya alikuwa anapita tu, mara anasifia maua, mara anashangaa mbona mwenye nyumba kawasha joto la nyumba mapema hivyo. Saa inagonga, taa zinazima puu, mlango unafunguka, mtu mwenye tochi anaamuru mikono juu, wageni wanafurahi wanadhani mchezo, halafu risasi.

Ila kilichomshika mama sio risasi. Ni pale Miss Marple anapomweleza Inspekta Craddock kwamba kabla ya vita mtu akihamia kijijini mlimjua ni nani, alikuja na barua ya utambulisho kutoka kwa mtu mnayemfahamu, au babake alisoma na fulani, lakini sasa watu wanatoka huko Uhindi na Hong Kong na kwingineko wanapanga nyumba, na unachojua juu yao ni kile walichokwambia wenyewe. Mama akaniambia rudia hapo. Nikarudia. Akasema ndo mtaa wetu huu, nyumba za kupanga kila kona, jirani unamjua kwa maneno yake mwenyewe tu, akaanza kunitajia majina mpaka nikamwambia mama tusome kwanza.

Sasa maswali yangu, tufuate na kipi? Kuna mpangilio wa kusoma au tunaokota tu? Na kuna waandishi wengine wenye mpelelezi mwanamke mtu mzima, riwaya isiwe na damu nyingi wala matusi, nisomee mama bila kuruka kurasa? Halafu jambo linalonisumbua mimi binafsi, kwa nini bibi ndo anaona na polisi hawaoni? Nataka kuelewa anafanyaje. Tafadhali msimwage ubuyu wa nani muuaji.

RafuYaVitabu

Dada BintiPangani, mfikishie mama shikamoo yangu. Mmeanzia pazuri sana, kwangu mimi hiyo ndo bora kuliko zote za Miss Marple.

Mpangilio sio lazima. Riwaya zake ni 12, ya kwanza The Murder at the Vicarage ya 1930, ya mwisho kuchapishwa Sleeping Murder ya 1976, na hadithi fupi ziko 20. Ukiokota yoyote utaelewa, lakini kuna mbili mbili ambazo ukizigeuza utaharibu utamu. A Caribbean Mystery (1964) isomwe kabla ya Nemesis (1971), maana kwenye Nemesis kuna tajiri mmoja mzee, Mr Rafiel, amekufa na amemwachia Miss Marple kazi kwenye wosia, pauni 20,000 akimaliza uchunguzi, na hamwambii hata ni uchunguzi wa nini. Sasa usipomjua Rafiel kutoka ile ya kwanza hutaelewa kwa nini bibi mzima anakubali safari kama hiyo. Nyingine ni The Body in the Library (1942) halafu The Mirror Crack'd from Side to Side (1962), nyumba ni ile ile Gossington Hall, kwenye ya kwanza wanaishi Kanali Bantry na mkewe, kwenye ya pili amehamia nyota wa sinema, na ule mshangao wa kuona kijiji kilivyobadilika ndani ya miaka 20 unaupata tu ukiwa umeanza na ya zamani.

Na Sleeping Murder isikuchanganye, imetoka mwaka aliofariki Christie lakini aliiandika miaka mingi nyuma akaihifadhi, ndo maana humo Miss Marple ana nguvu kuliko kwenye Nemesis.

Kwa mama mimi ningesema mfuate na 4.50 from Paddington ya 1957. Inaanza hivi: bibi mmoja, Mrs McGillicuddy, anatoka London na vifurushi vyake vya Krismasi, kapanda treni, amechoka, anasinzia. Treni nyingine inakuja sambamba na yao inaenda upande ule ule, kwa dakika kadhaa madirisha yanatazamana kabisa. Mara pazia la dirisha la wenzao linaruka juu, anamwona mwanaume kwa mgongo, mikono yake iko kwenye shingo ya mwanamke, na yule mwanamke analegea. Treni ile ikaongeza mwendo ikapotea. Anamwita mkagua tiketi, mkagua tiketi anatupia jicho gazeti la hadithi alilokuwa nalo bibi, basi, kesi imeisha. Polisi wanatafuta maiti hakuna. Anayemwamini ni mtu mmoja duniani, rafiki yake Miss Marple, na sababu yake imenyooka kweli: Elspeth McGillicuddy namfahamu, hana uwezo wa kubuni kitu.

Hapo ndo utaona anavyofanya kazi. Anapanda treni zile zile mwenyewe, anaazima ramani, anatafuta sehemu ambayo reli inapinda na tuta liko juu kiasi kwamba maiti ikitupwa inaporomoka kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Akishaipata nyumba anakubali ukweli kwamba umri wake haumruhusu kutambaa vichakani, anamwajiri msichana mwenye akili sana aende kufanya kazi za ndani kwenye nyumba ile awe macho yake. Mi napenda hapo kuliko popote, hajifanyi ana miguu ya miaka 20.

njeri_msomaji

BintiPangani hujambo, salamu kutoka Nakuru. Mimi nitampinga RafuYaVitabu kidogo, anzeni na A Caribbean Mystery, kwa sababu moja tu, sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu imetaja Kenya! Miss Marple ameletwa kisiwani kupumzika baada ya kuugua, mpwa wake Raymond ndiye amelipa, jua kila siku, bahari kila siku, na yeye moyoni anaona maisha haya hayana kitu cha kushika. Sasa jirani yake pale hotelini ni mzee mmoja, Major Palgrave, na huyo mzee kazi yake ni kukamata mtu yeyote aliyekaa ampigie stori za Kenya, alivyokaa huko, vile watu wanaongea juu ya Kenya na hawajui lolote. Kumbuka kitabu kilitoka 1964, sisi tumepata uhuru Desemba 1963, kwa hivyo hao wazee wa ukoloni waliokuwa wamerudi kwao walikuwa wamejaa hoteli kama hizo na hakuna mtu alitaka kuwasikiliza tena.

Na Miss Marple pia hasikilizi. Anafuma tu, anaitikia kwa kichwa, mawazo yake yako kwao kijijini. Mzee anatoka Kenya anaingia habari za muuaji fulani, anamwuliza ungetaka kuona picha ya muuaji? Anatoa pochi, anatafuta picha, anainua macho anaangalia juu ya bega la Miss Marple, uso unabadilika rangi, anarudisha picha haraka na anaanza kuongea kwa sauti kubwa mambo ya ndovu. Kesho yake asubuhi amekufa.

Sasa yule mama inabidi akumbuke maneno ambayo hakuyasikiliza. Kitabu kizima ni hiyo, anarudi kwenye yale mazungumzo tena na tena, alisema nini, alikuwa anaangalia wapi, nani alikuwa amesimama nyuma yangu. Mimi niliposoma nilifikiria wazee wote ambao nimewaitikia ndio ndio huku niko kwa simu.

Niseme pia kitu kimoja wazi kwa sababu utamsomea mama kwa sauti. Hivi ni vitabu vya Waingereza wa wakati ule, watu weusi wa kile kisiwa wameandikwa kwa jicho la mgeni, mara nyingine inauma. Mimi husoma na hiyo nikiijua, sijaacha kupenda hadithi lakini pia sijifanyi sijaona.

WakiliMtarajiwa

Wakuu mimi naheshimu mapenzi yenu kwa huyu bibi ila swali la mwisho la mleta uzi mimi nalijibu tofauti. Haoni chochote ambacho polisi hawaoni, anabahatisha, na mwandishi anampa ushindi. Njia yake ni ipi? Anamwangalia mshukiwa anasema ananikumbusha kijana wa muuza samaki kijijini kwetu aliyekuwa na tabia hii na hii, kwa hiyo huyu naye ni mwongo. Sasa hiyo ni hoja gani? Peleka hiyo mahakamani uone. Mtu kufanana na mtu mwingine aliyeiba miaka 20 iliyopita sio ushahidi, na kwa kweli ni hatari, ndo watu wanavyosingiziwa mitaani huku, sura yake mbaya, anafanana na fulani. Nasoma sheria na nimeona umuhimu wa mnyororo wa ushahidi, nani alikusanya, nani alihifadhi. Vitabu vizuri vinavyoonesha kazi ya polisi vipo. Sisemi msisome, nasema tusiite upelelezi.

BiRukia_Muscat

Assalaam alaykum nyote. Mwanangu WakiliMtarajiwa, hoja yako nzito na sitaki kuipita juu juu, maana mimi nimewasoma hawa mabibi tangu niko msichana Unguja na mpaka leo niko huku Muscat na wajukuu bado nawasoma, kwa hivyo niruhusu nijibu kwa urefu.

Kwanza tazama Miss Marple alivyozaliwa. Hadithi yake ya mwanzo ilitoka gazetini Desemba 1927, The Tuesday Night Club, baadaye ikawekwa kwenye The Thirteen Problems ya 1932. Wamekaa sebuleni kwake, nyumba yake mwenyewe hiyo, mpwa wake mwandishi, binti mchoraji, mkuu mstaafu wa Scotland Yard (polisi wa London), kasisi, na mwanasheria (mwenzako huyo). Wanakubaliana kila Jumanne mmoja atoe kisa cha kweli anachojua jibu lake na wengine wabashiri. Yule binti anahesabu watu, anasema tuko watano. Na bibi yuko pale pembeni ya moto na kazi yake ya kufuma, anasema kwa upole umenisahau mimi mpenzi wangu. Kumbe wako sita. Wamekaa kwenye viti vyake wakamsahau! Na kisa cha kwanza tu, wote wanabashiri, mwanasheria na polisi na msomi, jibu analitoa yeye, na jibu liko jikoni, kwenye kitu ambacho wanaume wale wamekisikia kikitajwa wakapita.

Hapo ndipo jibu la BintiPangani lilipo. Mtu ambaye hahesabiwi, mbele yake watu husema kila kitu. Hawapunguzi sauti. Inspekta akiingia chumbani kila mtu anakaa sawa na kuchagua maneno, bibi na sufi yake akiingia wanaendelea na ugomvi wao. Na yeye anajua, anajitia hamnazo kwa makusudi. Kwenye The Murder at the Vicarage mchungaji anayesimulia anasema wazi juu yake kuwa kazi ya bustani ni kisingizio kizuri sana cha kuwa nje, na ile tabia ya kutazama ndege kwa darubini nayo ina faida zake. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Sasa hoja yako ya kufananisha. Ni kweli anafananisha, na ungekuwa ndio mwisho wa kazi yake ningekuunga mkono. Lakini soma tena uone mfano wa kijijini unampa nini. Unampa pa kutazama tu. Baada ya hapo anakwenda kutazama. Chukua hicho hicho walichosoma Binti na mama yake. Wageni wote walipofika Little Paddocks walisema kitu juu ya joto la nyumba, mmoja baada ya mwingine, polisi wamechukua maelezo yao, na sisi wasomaji tumesikia kwa masikio yetu. Nani aliyejiuliza kwa nini joto limewashwa siku ile? Mama wa nyumba wa mwaka 1950 Uingereza, makaa ya mawe ya shida, hiyo ingemgonga kichwani mara moja. Binti, mama yako ameshamaliza kitabu, anajua nasema nini. Huo ni ushahidi mwanangu, tena wa kitu kinachoshikika, kasoro yake ni kuwa umetoka kwenye kazi ya nyumbani ambayo inspekta hajawahi kuifanya.

Tena humo humo polisi wanashangaa vipi watu wanaingia nyumba za wenzao milango wazi wanatoka, mpaka wanaelezwa kuwa vyakula bado ni vya mgao, siku fulani shamba fulani linatengeneza siagi, anayepata anamwekea jirani jikoni kimya kimya, huyu anaacha mayai anachukua kitu chengine, na sheria imekataza ndio maana hakuna aliyemwambia polisi. Mke wa mchungaji anajua yote hayo. Polisi hajui hata moja.

Ulichosema kweli kabisa ni mahakama. Mara nyingi bibi anajua na hana cha kupeleka kwa jaji, na yeye mwenyewe anakiri, ndio maana vitabu vyake vingi vinaishia kwenye mtego, anapanga na polisi muuaji ajifichue. Na usimdhani ni bibi wa pipi. Kwenye kitabu kimoja cha miaka ya 50 anasikitika waziwazi kwamba adhabu ya kunyonga inaondolewa. Mimi hilo silipendi kwake lakini liko.

Jambo la mwisho halafu nikalale. Christie aliandika kwenye tawasifu yake kwamba Miss Marple huenda alichipuka kutoka kwa Caroline, dada wa daktari kwenye The Murder of Roger Ackroyd ya 1926, mwanamke mtu mzima asiyeolewa, anajua kila kitu cha mji na hata mlangoni hajatoka. Kitabu kile kilipofanywa mchezo wa jukwaani wakamtoa Caroline wakaweka msichana mzuri badala yake. Christie ilimuuma sana. Na tena kuna nyanya yake, mtu mchangamfu lakini aliyetarajia mabaya kwa kila mtu, na mara nyingi ikatokea kuwa kweli. Kwa hivyo huyu bibi hakutungwa hewani, ametungwa kwa wanawake ambao mwandishi alikaa nao.

WakiliMtarajiwa

Shikamoo Bi Rukia. Hiyo ya joto la nyumba kwa kweli nimekubali, ni ushahidi wa mazingira na ni mzuri. Bado msimamo wangu kwenye kufananisha watu uko pale pale ila nitasoma hicho cha 13 Problems.

chapati_na_kitabu

Mi nijibu lile swali la waandishi wengine maana naona wote mmezama kwa Christie.

Kama mama anataka cha sasa, The Thursday Murder Club ya Richard Osman, 2020. Wazee wanne wanaishi kwenye kijiji cha wastaafu huko Kent, kila Alhamisi wanakaa na mafaili ya kesi za zamani ambazo hazikutatuliwa, mara maiti halisi inaingia. Viongozi ni wanawake wawili, Elizabeth aliyekuwa jasusi na Joyce aliyekuwa nesi, na mimi nampenda Joyce kupita maelezo, anaandika shajara, anaanza na habari za keki anamaliza na mtu kauawa. Kuna sehemu zinazoliza pia, mume wa Elizabeth anapoteza kumbukumbu taratibu na Elizabeth anamficha watu wasijue, kwa hiyo ujiandae kama nyumbani mna mgonjwa wa namna hiyo. Filamu yake ilitoka Netflix 2025, Helen Mirren ndo Elizabeth.

Halafu Vera Wong's Unsolicited Advice for Murderers ya Jesse Q. Sutanto, 2023. Mama wa Kichina wa miaka 60, mjane, ana duka la chai San Francisco ambalo wateja wamelikimbia, asubuhi moja anashuka anakuta maiti dukani. Anapiga simu polisi lakini kabla hawajafika anachora alama kuzunguka maiti kwa kalamu yake, na polisi wanapoonekana hawajali anaamua kesi ni yake. Washukiwa wake anawapikia! Anawaita wale washibe huku anawachunguza. Mama atacheka sana na huyu.

Na Mrs Pollifax wa Dorothy Gilman, alianza 1966, mjane wa New Jersey, watoto wameshakua, amechoka kujitolea kwenye vikundi, anaingia ofisi za CIA anasema naomba kazi ya ujasusi. Kuna kitabu chake cha 1977 kiko Zambia, kwenye safari ya mbugani. Sio mauaji ya kijijini hasa, ni ujasusi, ila bibi ni bibi.

Mtu akikwambia Mma Ramotswe wa Botswana, ni mzuri mno, nakushauri msome, ila yule sio bibi, ni mwanamke wa makamo kijana kijana, na ni kazi yake, amefungua ofisi kwa pesa ya ng'ombe alizorithi kwa baba yake. Kesi zake nyingi hata hazina maiti.

RafuYaVitabu

Niongezee hapo, Miss Marple sio wa kwanza. Kuna Miss Amelia Butterworth wa Anna Katharine Green, Mmarekani, kitabu That Affair Next Door cha 1897, miaka 30 kabla. Mwanamke mtu mzima wa New York, usiku anasikia gari la farasi limesimama nyumba ya jirani ambayo anajua haina watu, anainuka kitandani anachungulia dirishani. Kesho yake maiti. Kiko Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, bure kabisa na ni halali, unaweza kukuza herufi kwenye simu mama akasoma mwenyewe. Kiingereza chake ni cha zamani kidogo lakini mwalimu hatashindwa.

MwanaWaUnguja

Mimi nimefurahi Bi Rukia kaitaja Unguja ila hakumtaja Bwana Msa, na mama wa Pangani anamhitaji. Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa 1960. Mpelelezi na kiko chake na swahiba wake Najum, hakuna kukimbizana, hakuna bastola kila ukurasa, ni watu kukaa na kuzungumza na mtu mmoja kusikiliza vizuri kuliko wenziwe. Ukipenda Marple kwa sababu ya akili na maneno, hapa uko nyumbani, na Kiswahili chake peke yake ni karamu. Kisha Kisima cha Giningi na Duniani Kuna Watu.

Lakini naomba nilalamike pia. Bwana Msa mwanamume, Willy Gamba mwanamume, Joram Kiango mwanamume. Wapelelezi wa Kiswahili tuliokua nao ni wanaume, na hali wanaojua nani kaingia nyumba ya nani saa ngapi ni mabibi zetu. Wewe mwandishi unayesoma uzi huu, tuandikie bibi. Mweke Tanga, mweke Lamu, mweke Kigoma. Mwenye kushika hesabu za kikoba miaka yote, mwenye kuosha maiti za wanawake mtaani, huyo anaona mwili kabla ya kuzikwa na anajua alama ipi si ya maradhi. Mimi nitakinunua siku hiyo hiyo kinapotoka.

BiRukia_Muscat

Mwana wa Unguja, umesema kweli, na hilo la muosha maiti limenisisimua mwili. Andika wewe.

BintiPangani

Jamani asanteni mno, nimemsomea mama uzi wote. Bi Rukia anakusalimia sana na anasema lile la joto la nyumba alilishtukia mapema akanyamaza, na mi namwamini maana kweli alinikatiza siku ile akaniuliza kwani Oktoba huko kwao baridi tayari? Nikamwambia tuendelee.

Ameamua tunaanza na 4.50 from Paddington kisha The Body in the Library. Vera Wong nitamchukua mimi kwa ajili yangu. Swali dogo la mwisho, zile za televisheni zipo nyingi, ipi imemtendea haki? Niliona moja ya zamani nyeusi na nyeupe, mama akasema huyu sio yeye, huyu ana kelele.

RafuYaVitabu

Hiyo ya kelele ni Margaret Rutherford, filamu nne za miaka ya 60, mwigizaji mkubwa ila alimfanya Miss Marple wake mwenyewe. Mtafutie mama Joan Hickson, BBC, 1984 mpaka 1992, riwaya zote 12 ziko. Alianza akiwa na miaka 78. Christie mwenyewe alimwona jukwaani miaka ya 40, kwenye mchezo mwingine, akamwandikia kwamba anatumaini siku moja atamwigiza Miss Marple. Mtazame macho yake wakati wengine wanaongea, hasemi kitu, sindano zinaendelea, ila kuna sekunde moja zinasimama. Mzitazame baada ya kusoma lakini, sio kabla. Na Nemesis msiiguse mpaka Caribbean iishe.